Ukumbi wa madrasa Amu unavuma hadi sin na swad hazitofautiki: wanaojua vifaa vya kufyonza sauti tusaidiane

Mkaazi_wa_Langoni
Assalaam alaykum wadau. Tumejaaliwa kumaliza ukumbi wa madrasa, ghorofa ya kwanza, hapa Amu, mji wa Lamu. Kuta za bloku zimepigwa plasta na rangi ya mafuta, chini taili, juu zege tupu. Urefu mita 12, upana mita 8, kimo mita 3 na nusu. Jioni wanaingia watoto kama 60.

Tatizo ni mvumo. Ustadhi akisoma peke yake ukumbi mtupu, mashallah, sauti inapendeza mpaka unataka akae asome hadi Isha. Lakini watoto wakianza kurudia, au akitaka kumsahihisha mtoto wa safu ya nyuma, hapo ni vurugu. Mtoto anatamka sin pahala pa swad na ustadhi hasikii kosa. Ha mbili za Kiarabu ndiyo kabisa. Anamwita mtoto aje mbele, amwegeshee sikio.

Kwenye kamati kila mtu na lake. Wako wanaotaka spika kubwa. Wako wanaotaka tubandike trei za mayai. Na kuna fundi ametuletea hesabu ya sponji nyeusi zenye miiba miiba, kuta zote nne, toka chini hadi juu. Hesabu yenyewe ukiiona unakaa chini. Kabla hatujapitisha tena bakuli, wenye ujuzi semeni.

Kaskazi_Tupu
Trei za mayai za kuta mbili za mita 12? Kamati italazimika kufungua mkahawa wa chapati mayai kwanza 😂

fundi_wa_mwambao
Trei za mayai acheni kabisa. Ni karatasi nyembamba, haina unene wa kumega chochote. Inapunguza kidogo zile sauti nyembamba za juu sana, ukipiga kofi unadhani pametulia, kumbe sauti ya mtu inavuma vilevile. Halafu ni karatasi kavu, ikishika moto mmoja imekwisha. Na mende watakushukuru.

Mwalimu_Fizikia_Mld
Wa alaykum salaam ndugu wa Langoni. Nafundisha fizikia Malindi, na hili jambo napenda kulizungumza, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mafundi wengi huyachanganya. Kuna kuzuia sauti isipite kwenda upande wa pili, na kuna kufyonza sauti iliyomo ndani isirudi rudi. Ya kwanza inataka uzito. Ukuta wa kale wa Amu, wa matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, unazuia sauti vizuri sana, lakini kufyonza haufyonzi karibu chochote. Ya pili inataka kitu laini chenye vitundu vinavyopitana, hewa iingie ndani. Wimbi la sauti likiingia mle, hewa inasuguana na nyuzi nyuzi na nguvu yake inageuka joto dogo mno. Kitu kinachofyonza vizuri kwa kawaida hakizuii, na kinachozuia vizuri hakifyonzi. Nyinyi shida yenu ni ya pili.

Kila kitu kina kiwango chake cha kufyonza, tangu 0 hadi 1. Dirisha lililo wazi ni 1, maana sauti ikitoka hairudi. Plasta yenye rangi, taili na zege ni kama 0.02 au 0.03, yaani wimbi linarudi karibu lote. Sasa hesabu ya ukumbi wenu: eneo la ndani lote, kuta, sakafu na dari, ni mita za mraba 332. Zidisha kwa 0.03, unapata kama 10. Ujazo ni mita za ujazo 336. Kanuni ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Inatoka sekunde 5 na ushee. Maana yake sauti ikikatika, inachukua muda huo kushuka desibeli 60. Mukifungua madirisha ya mita 4 za mraba, inashuka hadi karibu sekunde 4. Watoto 60 wakiingia, tuseme kila mmoja anafyonza 0.3, mnafika kwenye 1.7 hivi.

Kwa darasa la ukubwa huo, kiwango cha Marekani ni sekunde 0.7 chumba kikiwa kitupu. Mtoto anayejifunza herufi anahitaji hiyo zaidi ya mtu mzima, maana mtu mzima akikosa herufi anaijazia kwa kuizoea lugha. Konsonanti zina nguvu ndogo na ni fupi, irabu zina nguvu nyingi. Mvumo wa irabu iliyotangulia ndio unaoizika sin inayofuata.

Mkaazi_wa_Langoni
Maalim, Allah akuzidishie. Hii ya irabu kuizika konsonanti nimemsomea ustadhi, akacheka akasema ndiyo anachokipigia kelele miezi yote. Je spika?

Mwalimu_Fizikia_Mld
Spika kubwa moja mbele inaongeza sauti na mvumo kwa pamoja. Uwiano unabaki palepale, ila sasa mnaumwa na masikio. Fedha ya spika iwekeni kwenye dari.

StudioYaAmu
Mimi nina chumba cha kurekodia kaswida na nyimbo za harusi, ndani ya nyumba ya kale Mkomani. Chumba kirefu chembamba kama vyote vya kwetu, maana upana ulifuata urefu wa boriti, hazizidi mita 3. Nilivyoanza nilidhani matumbawe yatanitosha. Kelele za nje kweli haziingii ukutani. Zinaingia mlangoni. Ukuta mzito wenye mlango wa mianya ni jahazi lisilotiwa kalafati, ubao uwe mzuri vipi maji yatapita. Nikaziba mianya ya mlango kwa mpira, punda na jenereta ya jirani vikapungua sana.

Lakini ndani ukipiga kofi unasikia trrrrr, sauti inarukaruka baina ya kuta mbili zinazoelekeana. Upande wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hauna hiyo. Zile zidaka zinatawanya sauti huku na huku badala ya kuirudisha moja kwa moja. Wazee hawakuzijenga kwa ajili hiyo, lakini faida naila mimi.

Ushauri kwa wenye nyumba za kale: msigundishe sponji kwenye chokaa. Plasta ya chokaa inataka kupumua, ukiifunika kwa gundi unyevu unabaki ndani na plasta inabanduka yenyewe na sponji lako. Na mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, plasta iliyochongwa si ya kupigilia misumari. Mimi nimetengeneza fremu zinazosimama chini, naziegemeza ukutani kwa nafasi kidogo, nikitaka nazihamisha.

Kaskazi_Tupu
Fremu ndani umetia nini? Usituache na hamu.

StudioYaAmu
Sufu ya mawe, ile mafundi wanayoiita rokwuli, unene wa sentimita 10. Imefunikwa kwa kitambaa cha marekani.

Mama_Matondoni
Naona mwazungumza rokwuli ya kutoka Mombasa na makumbi ya nazi yatupwa kila siku. Sisi usumba twaujua. Makumbi hufukiwa matopeni pwani yaoze, yakafukuliwa, yakapondwa, zikatoka nyuzi za kamba. Mitepe, vyombo vya kale vya baharini, ilishonwa kwa kamba hizo na ikaenda safari. Kwani haufai kufyonza hiyo sauti? Magodoro ya usumba yako. Na sufi, pamba ya msufi, je?

Mwalimu_Fizikia_Mld
Bi, umegusa penyewe. Usumba unafaa, na si kwa kubahatisha: vyuo vya nchi zenye minazi vimeupima mara nyingi. Unafyonza vizuri sauti za kati na za juu, ambako konsonanti ziko. Chini ni dhaifu, lakini hilo ni la kila kitu chenye nyuzi kikiwa chembamba.

Sababu yake ni hii. Wimbi likigonga ukuta, hewa iliyo ukutani kabisa haisogei, ukuta umeizuia. Inasogea kwa nguvu zaidi umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Nyuzi hazifanyi kazi mahali hewa haisogei. Sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34, robo yake ni 8 na nusu. Hezi 500, robo ni 17. Hezi 100, robo ni sentimita 85! Ndiyo maana busati la msikitini, ambalo limelala juu ya sakafu, linakula sauti nyembamba tu na besi inapita kana kwamba hakuna kitu. Mkeka wa ukili ndiyo kabisa, utapunguza vishindo vya miguu na kuburuta viti, basi.

Lakini si lazima ujaze sentimita 17 zote. Ukiwa na ubao wa nyuzi wa sentimita 5, ukauning'iniza uache hewa ya sentimita 12 juu yake, umefika palepale. Hewa ni bure.

Sufi inafyonza pia, ila hofu yangu ni moto. Sufi ikishika haikupi nafasi ya kutamka shahada.

fundi_wa_mwambao
Hapo pa moto ndipo nilipokuwa nangoja. Ndugu wa Langoni, yule fundi wa sponji muulize sponji yake ni ya aina gani na akuchomee kipande mbele yako, nje, mbali na watu. Sponji ya godoro la kawaida inawaka haraka, inadondosha matone ya moto, na moshi wake una sumu ya sianidi. Mwaka 2003 kule Rhode Island, Marekani, ukumbi mmoja wa muziki uliwekwa sponji kuzunguka jukwaa kupunguza kelele. Fataki za jukwaani zikaiwasha, wakafa watu 100. Mwaka 2013 Santa Maria, Brazili, ukumbi wa Kiss, jambo hilohilo, fataki na sponji darini, wakafa 242. Wengi moshi tu.

Sasa nyinyi mna watoto 60 ghorofani, ngazi moja, vichochoro vya Amu hivi ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Sponji ya nini?

Usumba nao unaungua, bi Matondoni asikasirike. Unataka kuloweshwa maji ya boraksi na asidi ya boriki, ukaushwe vizuri. Inasaidia kuzuia moto na inasaidia kuzuia mchwa na wadudu. Rokwuli imetengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, haiwaki, na haishiki maji kirahisi, jambo la maana kwetu wakati wa masika. Ubaya wake inawasha ngozi ukiikata, kwa hiyo glavu, barakoa, na lazima ivishwe kitambaa.

Mama_Matondoni
Sikukasirika mwanangu. Ila mizigo ya rokwuli kushuka Mokowe kule bara, kupakiwa mashua, kupandishwa hamali, nayo itieni katika hesabu. Usumba uko hapa na watu wa kuuchambua wako hapa na watoto wao ndio hao wa madrasa.

fundi_wa_mwambao
Hilo kweli siwezi kulipinga.

Mtaalamu_wa_Mtandaoni
Mnajichosha. Pakeni ile rangi maalumu ya kufyonza sauti, kwisha.

Mwalimu_Fizikia_Mld
Rangi ya unene wa milimita moja? Rudi kwenye ile robo ya wimbi hapo juu, kisha utuambie itamshika nani.

Mkaazi_wa_Langoni
Sasa naelewa kidogo. Lakini wazee wa kamati hawataki hesabu, wanataka kusikia kwa masikio yao. Nitawaonyeshaje kabla ya kutoa fedha?

Mwalimu_Fizikia_Mld
Hapo una mfano mzuri sana wa kufuata. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la Fogg, na shida yao ni yenu neno kwa neno: anayesema hasikiki. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Hakuwa na mashine za leo. Alikuwa na filimbi ya kinanda ya hezi 512, saa ya kuhesabia, na masikio. Usiku alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, anaipanga ndani, anapiga filimbi, anapima sauti inakawia muda gani kupotea, na kabla ya asubuhi anarudisha mito ya watu. Ukumbi ukiwa mtupu sauti ilikawia kama sekunde 5 na nusu. Kadiri alivyoongeza mito, ilipungua kwa mpango maalumu, na kanuni niliyokupa ya 0.161 ndiyo iliyotoka kwenye ile mito. Baadaye alishauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900, na mpaka leo wanamuziki wanaisifu.

Kwa hiyo azimeni magodoro ya majirani. Yaegemezeni ukutani na mengine yawekeni juu ya meza, jioni moja tu, na ustadhi asomeshe. Wazee wakae safu ya nyuma.

Kaskazi_Tupu
Mkibeba magodoro Amu nzima jioni, watu watadhani kuna harusi au mafuriko.

Mkaazi_wa_Langoni
Wadau, tumefanya. Magodoro ya nyumba za karibu, mengine ya sufi, mengine ya sponji, na mabusati mawili mazito tuliyoyatundika kwenye kamba tukayaacha mbali kidogo na ukuta. Mzee aliyekuwa akitetea spika ndiye aliyekaa nyuma kabisa. Mtoto wa miaka saba akasoma Fatiha, akafika "swirat", akatia sin. Mzee akamsahihisha yeye kabla ya ustadhi! Ukumbi wote ukacheka.

Ila kuna jambo nimeliona: sauti ya ustadhi mwenyewe ilionekana kupungua nguvu. Akalalamika kidogo kwamba amechoka koo.

StudioYaAmu
Hiyo ni kawaida, alizoea ukumbi umsaidie. Ndiyo maana dari lote lisifunikwe. Pale juu ya ustadhi na katikati ya ukumbi acheni zege wazi, lirudishe sauti yake mapema kuelekea nyuma. Funikeni pembezoni mwa dari, ukuta wa nyuma sehemu ya juu, na ukuta mmoja wa urefu. Ukuta mmoja kati ya miwili inayoelekeana ukifunikwa, ile trrrrr inakufa.

fundi_wa_mwambao
Sikubaliani sana na kuacha katikati yote wazi. Kimo cha mita 3 na nusu si kikubwa, na eneo wanalohitaji ni kubwa. Ningeacha ukanda wa mbele tu, juu ya ustadhi, hadi kama theluthi ya ukumbi.

StudioYaAmu
Sawa, theluthi haina ubaya. Muhimu zisirundikwe upande mmoja.

Mwalimu_Fizikia_Mld
Kwa hesabu: mbao za mita 1.2 kwa 1.2, zikiwa 35, zinatoa mita za mraba 50. Kwa rokwuli ya sentimita 5 yenye nafasi ya hewa, chukua 0.8, hiyo ni 40. Jumlisha 10 za kuta na 4 za madirisha, ni 54. Ukumbi mtupu unakuwa sekunde 1 kamili, watoto wakiwemo kama 0.75. Kile kiwango cha chumba kitupu hamjakifikia, lakini kwa madrasa ambayo haisomeshi viti vitupu mmefika pazuri. Zikining'inizwa sauti iingie pande zote mbili mtapata zaidi ya hapo.

Kwa usumba nisingeiweka 0.8 bila kupima. Tengenezeni mbili tatu za kwanza, kwa kushindilia kiasi. Ukiuacha ovyo sauti inapita tu, ukiushindilia mno sauti haiingii. Kipimo cha mkono: weka mdomo kwenye ubao upulize. Pumzi ipite kwa kushindana. Ikipita bure, ongeza nyuzi. Isipopita kabisa, umezidisha. Kitambaa nacho kipulizwe vilevile, leso ya pamba au gunia inapita, turubai na ngozi ya kochi hazipitishi, ukivika hizo umefunga dirisha.

fundi_wa_mwambao
Fremu tumieni mbao za tu-bai-tu zilizopasuliwa kati, nyuma wavu wa kuku, ndani usumba au rokwuli, mbele kitambaa kimevutwa na kupigwa stepo. Kulabu na nyaya ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hapa inamaliza nyaya za kawaida, na sitaki kusikia ubao umemwangukia mtoto. Ukutani ziwe juu ya kimo cha mkono wa mtoto, la sivyo baada ya mwezi mtakuta zimechorwa na kutobolewa kwa kalamu.

Mama_Matondoni
Na zishushwe zikung'utwe vumbi kabla ya masika. Vumbi likilowa ndipo koga huota.

Mmalindi_Halisi
Samahani nawaingilia. Mimi niko Malindi, nina mkahawa mdogo, nimetoa makuti nimeweka mabati kwa sababu ya moto na bima. Tangu hapo wateja wanalalamika kelele, vijiko, vicheko, kila kitu. Na mvua ikinyesha hatusikilizani kabisa. Hii rokwuli itanisaidia?

Mwalimu_Fizikia_Mld
Jirani yangu! Makuti yalikuwa yakifyonza sauti kwa unene wake na matundu yake, wewe hukujua kwamba unakula faida hiyo. Kwa vijiko na vicheko, ndiyo, mbao hizi chini ya mabati zitarudisha sehemu kubwa ya utulivu. Kwa mvua, ni kidogo tu. Pale kila tone linapiga bati na bati lenyewe linatetemeka, hiyo inatakiwa kuzuiwa pale pale: rokwuli iguse bati kwa chini, na chini yake dari zito la jipsamu au plaiwudi lisiloshikana moja kwa moja na mbao za paa. Fungua uzi wako tuweke vipimo, huu ni wa madrasa.

Mkaazi_wa_Langoni
Kamati imekaa jana. Ukuta wa nyuma na wa urefu utakuwa usumba wa Matondoni, uliotiwa boraksi. Dari itakuwa rokwuli, kwa sababu ya watoto kukaa chini yake na moto. Spika imeahirishwa, mzee mwenyewe ndiye aliyetoa hoja. Fundi wa sponji tumemshukuru. Mbao zinateremshwa Mokowe wiki hii, na tumekwama kwenye jambo moja tu: mwenye drili ya kutoboa zege, ile yenye nyundo, atuazime. Ya kawaida imetushinda kwenye tundu la kwanza.

fundi_wa_mwambao
Ninayo. Lakini biti ya milimita 8 nunueni wenyewe, yangu imekwisha meno.